Mgeni Anayenuka

Binti wa jirani yangu aliacha kutafuna pale wazazi wa Chihiro walipoanza kula. Mkononi alikuwa na rolex ya moto, ile chapati inayoviringishiwa mayai na nyanya, niliyomnunulia kwa kijana anayekaanga kwenye kona yetu hapa Katwe. Kwenye skrini ya kompyuta, baba na mama wa Kijapani walikuwa wamejikuta katika mji usio na watu. Waliona mgahawa umesheheni nyama na mwenyewe hayupo, wakavuta viti. Mtoto wao akawasihi waondoke. Baba akamwambia asihofu, pesa anazo na kadi ya benki anayo. Binti akaitazama rolex yake, akawatazama wale watu wanavyobugia, akaiweka sahanini na kuifunika kwa kipande cha gazeti. Muda si muda baba na mama wakawa nguruwe. Watoto wengine waliojazana mkekani wakaangua kicheko, maana Kampala nguruwe ni kitoweo cha Ijumaa jioni, na harufu ya jiko lake huijua kila pua, hata ya asiyemla. Yeye hakucheka.

"Tonton," akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Goma, "sasa habakupiga hodi?"

Filamu hii nimeitazama mara nyingi, na hilo sikuwahi kuliona. Miaka yote nilidhani wazazi wale wameponzwa na ulafi. Kumbe kabla ya ulafi waliingia kwa watu bila hodi. Tangu usiku ule kila nikiitazama naiona kuwa ni kisa cha ugeni mwanzo hadi mwisho: nani kaingia kwa nani, kapokewaje, na kaacha nini alipoondoka.

Jina lake la kwao ni Sen to Chihiro no Kamikakushi. Hayao Miyazaki aliitoa Japani Julai 2001, na kwingi duniani inajulikana kwa jina la Kiingereza, Spirited Away. Mwaka 2002 ilipata Dubu wa Dhahabu katika tamasha la Berlin, ikigawana tuzo na filamu nyingine. Mwaka 2003 ikachukua Oscar ya filamu ndefu ya katuni, na huko nyumbani ilishika rekodi ya mapato kwa karibu miaka 20. Neno kamikakushi halimsumbui Mswahili. Maana yake ni kufichwa na mizimu. Zamani Japani mtoto akipotea bila alama, watu walisema mizimu imemficha, kama ambavyo bibi yangu kule Tanga angesema mtoto kachukuliwa na majini. Chihiro ana miaka 10, anahamia na wazazi wake mji mwingine asiotaka kuhamia, na njiani wanapotea. Binti wa jirani naye ana miaka 10, na kuhama anakujua kuliko mimi.

Filamu niliipata kwenye duka ambalo watu wa hapa huliita laibrari ingawa halina kitabu hata kimoja. Unampa kijana flashi yako, anakujazia. Hii ilikuwa kwa Kijapani, na maandishi ya Kiingereza yalipita chini mbiombio. Binti alivuka mpaka na mama yake wakikimbia vita vya Kivu. Kifaransa alikianza shule ya kule, Kiganda amekiokota uani, Kiingereza bado anakipapasa. Wenzake wa ile mizigo (ndivyo vinavyoitwa hapa vyumba vya kupanga vya mlango mmoja mmoja, na kweli kodi yake ni mzigo) walikuwa wa lugha nne au tano, lakini Kiswahili kidogo kila mmoja alikuwa nacho. Ikabidi mtu awasemee. Nikavuta kigoda kando ya kompyuta, nikawa VJ.

Kwa asiyeijua Kampala, kibanda hapa ni ukumbi wa sinema wa wasio na pesa ya sinema: mbao, mabati, mabenchi, giza, televisheni ukutani, na mtu mwenye maikrofoni anayeifasiri filamu kwa Kiganda huku inakwenda. Huyo ndiye VJ. Kazi yake haiishii kwenye kufasiri. Anawapa waigizaji majina ya mtaani, anamwonya shujaa kwamba kuna mtu nyuma ya mlango, na anamsuta jambazi kwa viatu vyake. VJ Jingo na VJ Junior wana mashabiki zaidi kuliko wengi wa wale wanaowasemea. Isaac Nabwana wa Wakaliga alipotengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie iliyomo ndani yake ikaja kuwa sehemu ya filamu yenyewe, na watu wa mbali wasiojua Katwe wala Wakaliga wakaipenda pamoja na kelele zake. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Nairobi wana DJ Afro. Afrika Mashariki yetu haiachi filamu ya kigeni iingie peke yake. Lazima mwenyeji aipokee mlangoni na kuitambulisha kwa waliomo ndani.

Nilidhani huu ni ufundi wetu pekee mpaka niliposoma habari za benshi. Sinema ilipoingia Japani mwishoni mwa karne ya 19, haikuwa na sauti. Kando ya pazia akasimama mtu, akawasemea wote, wanaume, wanawake na watoto, akieleza na kulia na kupandisha sauti mahali pa kupandisha. Watazamaji wengi walikwenda kumsikiliza yeye kwanza, picha baadaye. Filamu za sauti zilipokuja, kazi hiyo ikafa katika miaka ya 1930, na haikufa kimyakimya. Kaka yake Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa benshi na alikuwa mstari wa mbele katika mgomo wa wenzake. Mwaka 1933 alijiua. Mdogo wake akaja kuwa mwongozaji mkubwa wa filamu. Kwa hiyo katuni ya Kijapani ilipofika Katwe ikasemewa na mtu aliyekaa pembeni, ilipokewa kwa desturi ya kwao bila sisi kujua.

Hata jina la studio iliyoichora limelala nyumba nyingi kabla ya kufika Tokyo. Studio Ghibli iliundwa mwaka 1985. Miyazaki, mpenzi wa ndege tangu utoto, alilitwaa jina kutoka kwa ndege moja ya kijeshi ya Kiitaliano. Waitaliano walilitwaa Libya, ambako ni jina la upepo wa joto wa jangwani. Ukilifuata ndani ya Kiarabu unatokea kwenye neno tunalolitaja kila siku: kibla. Nilipowaeleza watoto hayo kabla ya kuanza, niliwaonyesha mnara wa msikiti wa Old Kampala unaoonekana toka uani kwetu, uliojengwa kwa fedha za Libya na kufunguliwa mwaka 2008. Mvulana mmoja akautazama mnara, akaitazama kompyuta, akatoa hukumu: "Basi wote wameletwa na upepo mmoja."

Chihiro, baada ya wazazi kugeuka nguruwe, anaokolewa na kijana aitwaye Haku. Anampa siri ya kuishi mahali pale: asiye na kazi hugeuzwa mnyama, kwa hiyo omba kazi, ukikataliwa omba tena, usiseme neno jingine. Mahali penyewe ni hamamu. Mtu wa Unguja aliyeingia Hamamni anaweza kuanza kuipiga picha, kisha aongeze ghorofa juu ya ghorofa, taa nyekundu, daraja mbele, na wateja wote wawe mizimu waliokuja kuoga na kupumzika. Mwenye hamamu ni Yubaba, bibi wa kichwa kikubwa na pete nzito vidoleni. Chihiro anapanda hadi kwake, anaomba kazi, anapewa mkataba. Anaandika jina lake. Bibi anapitisha kiganja juu ya karatasi, na herufi zinabanduka moja moja na kuruka hadi mkononi mwake. Inabaki moja tu, na ikiwa peke yake husomwa Sen. Kuanzia hapo mtoto anaitwa Sen, na akilisahau jina la mwanzo hataijua njia ya kurudi.

Hapa sikuhitaji kufasiri sana. Kiganda kina neno kyeyo, yaani ufagio, na ndilo jina la kazi za ughaibuni. Mtu yuko Dubai au Riyadh au Muscat, wanasema anapiga kyeyo. Nimekaa na mabinti waliorudi kutoka huko, na masimulizi yao yana umbo moja: pasipoti ilichukuliwa siku ya kwanza, na jina likaishia uwanja wa ndege, kwa kuwa mama wa nyumba aliliona gumu akawaita kwa jina la mtumishi aliyetangulia. Sen anapigishwa deki kwenye sakafu ndefu, kitambaa chini ya viganja, makalio juu, akikimbia na kuteleza nyuma ya wenzake waliozoea. Kyeyo hiyo.

Binti alinyamaza kipande chote hiki. Kisha akasema yeye pia ana Yubaba wake. Shuleni, siku ya kuandikishwa, jina lake la nyumbani lilionekana refu. Likakatwa katikati, na mbele yake likatiwa jina la Kizungu ambalo hakuwahi kuitwa, kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi ya jina la Kizungu na nafasi haiachwi wazi. Sasa darasani akiitwa huchelewa kuitika, na kuchelewa kuitika kumemletea sifa ya kiburi. Sitaliandika jina lake hapa, la darasani wala la nyumbani. Filamu yenyewe imenionya kwamba jina la mtu haliwekwi ovyo kwenye karatasi ya mwingine.

Wenyeji wa mji huu wana kinga ya ugonjwa huo. Muganda akisimama mbele ya wazee, hasa ukweni, hatosheki na kutaja jina. Hutaja lake, la baba, la babu, nyumba waliyotoka ndani ya ukoo, na ukoo wenyewe pamoja na mwiko wake: senene, kamongo, mbega, fungo. Kufanya hivyo huitwa okulanya. Yubaba akikutana na mtu aliyelanya sawasawa, atapitisha kiganja juu ya karatasi mpaka mkono umuume na bado jina halijaisha.

Sasa nifike kwa mgeni.

Ni usiku wa mvua. Anavuka daraja polepole, mlima wa tope unaotambaa, na harufu imemtangulia. Mfanyakazi mmoja kashika chakula, kinaharibika hapohapo mkononi. Wengine wanafunga milango na madirisha. Wanamrudisha, harudi. Yubaba anaona hakuna njia, anamsukumizia kazi yule mdogo kuliko wote. Mgeni anamfikia Sen, ananyoosha kitu kama mkono, na kumdondoshea malipo kiganjani: sarafu ndani ya uji wa tope. Nywele za mtoto zinasimama. Anataka kuziba pua, na Yubaba, ambaye katika filamu nzima hana wema mwingi, anamkaripia kwa neno la haki kabisa. Huyu ni mgeni. Usimwonyeshe kwamba ananuka.

Mvulana mmoja mkekani aliziba pua yake mwenyewe. Wengine walikuwa wamekunja nyuso kana kwamba kompyuta inatoa hewa.

Sen anamwongoza mgeni hadi kwenye birika kubwa la kuogea, anavuta kamba, maji ya dawa yanashuka kwa kishindo. Anateleza, anazama kwenye tope hadi kiunoni, na akipapasa ubavuni mwa mgeni anagusa kitu kigumu. Kama mwiba, anasema. Yubaba anashtuka. Huyu si zimwi la uvundo kama walivyodhani. Anateremsha kamba, Sen anaifunga kwenye ule mwiba, na hamamu nzima, vyura na wanawake na wapishi, inashika kamba na kuvuta kwa wimbo mmoja. Unatoka usukani. Ni wa baiskeli. Baiskeli nzima inafuata, na nyuma yake linakuja jaa la mji: vyuma, mapipa, mabomba, taka zisizo na jina, zikimwagika mpaka zinajaza ukumbi. Kisha kimya. Uso wa mzee unaibuka majini, mweupe na mwepesi kama kinyago, unatamka neno moja la kuridhika, na mgeni anapaa kwa umbo la joka la maji safi huku anacheka. Sakafuni ameacha chembe za dhahabu, wenzake Sen wanazigombania. Mkononi mwa Sen ameacha tonge la dawa.

Alikuwa mto. Miyazaki amesimulia kwamba aliwahi kushiriki kusafisha mto karibu na kwake, na wakavuta baiskeli kutoka kwenye tope la chini.

Usukani ulipochomoza tu, yule mvulana aliyeziba pua aliruka. "Nakivubo!" akapiga kelele. "Hiyo ni Nakivubo!" Wote wakaitikia, kila mmoja akataja alichowahi kukiona humo: godoro, kiti cha matatu, mbwa, jokofu. Nikawa VJ asiyesikika.

Hawakukosea. Nakivubo unakatiza katikati ya mji, kando ya soko la Owino na uwanja wa mpira unaobeba jina lake tangu 1926, unaambaa na eneo la viwanda, unapita Namuwongo na Bugolobi, unaingia kwenye kinamasi, na mwisho wake ni Ghuba ya Murchison ziwani. Kwenye ghuba hiyohiyo, pale Ggaba, ndipo mji unapovuta sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa. Zamani mafunjo ya kinamasi yalifanya kazi bila mshahara: maji machafu yaliingia upande mmoja, mizizi ikayachuja, yakatoka upande wa ziwa yakiwa na nafuu. Kisha mafunjo yakafyekwa, yakapandwa magimbi, pakaletwa kifusi, pakajengwa. Kaveera, mfuko wa plastiki kwa lugha ya hapa, serikali imeupiga marufuku zaidi ya mara moja, na kila mvua unaelea ukiwa mzima. Mvua ikiwa kubwa mto hutapika kama yule mgeni wa hamamu. Kamba haina wa kuishika, kwa hiyo hutapikia madukani. Na katika mazungumzo ya kila siku hauitwi mto tena. Unaitwa chaneli.

Wazee wa Buganda wasingestaajabu kuambiwa mto una uso. Wanasimulia kwamba Ssezibwa na Bwanda ni pacha wa mama mmoja aliyeitwa Nakangu: alikuwa safarini na mimba, uchungu ukamshika njiani, na badala ya watoto yakatoka maji, yakashika njia mbili. Mayanja nayo ni miwili, mmoja Wasswa na mwingine Kato, majina wanayopewa pacha wa kiume. Ziwa lenyewe, kabla ya kubandikwa jina la malkia wa Uingereza na hata baada yake, ni Nnalubaale. Mito ya hapa imezaliwa, ina mama, ina ndugu. Inaweza kulanya. Wala wachoraji wa kuyachora mambo haya hatuwakosi. Mwaka 2017 Raymond Malinga na wenzake wa studio ya Creatures hapa Kampala walitoa katuni fupi ya Kalabanda, yule zimwi wa shule za bweni, A Kalabanda Ate My Homework. Mwaka 2023 Malinga huyo akawa na Herderboy, kisa cha wachunga ng'ombe, ndani ya mkusanyiko wa katuni za Kiafrika uliopewa jina zuri la Kiswahili, Kizazi Moto. Mto mchafu wa mjini bado unamngoja mchoraji wake.

Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimelisema neno hilo mlangoni mara elfu nikiwa na maana ya chai na mandazi, kwamba mgeni akija na sisi wa nyumbani tutakula vizuri. Filamu hii inaupokea msemo huo kwa maana yake ya dawa. Lile tonge la mto, chungu kupindukia, baadaye ndilo linalomtapisha Haku uchawi uliokuwa ukimla ndani. Nusu ya pili anapewa Asiye na Uso, kivuli kilichoingia hamamuni kikimwaga dhahabu na kumeza watu, mpaka kila mfanyakazi akawa anakiinamia bila kuuliza dhahabu inatoka wapi. Kampala tumewaona matajiri wa aina hiyo, na tumewainamia. Naye anatapika, anarudi kuwa mdogo na mpole. Dhahabu yake imekuwa udongo. Waliopona, wamepona kwa alichoacha mgeni ambaye kila mtu alimfungia dirisha.

Kuna sehemu moja iliyonishinda. Sen anakwenda kumwombea Haku msamaha kwa dada yake Yubaba, na njia ni treni inayopita juu ya maji. Mzee wa tanuri la hamamu anampa tiketi na kumwonya kwamba zamani treni hii ilikuwa inarudi, siku hizi inakwenda tu. Sen anapanda, Asiye na Uso anakaa pembeni yake. Abiria wengine ni vivuli wenye mabegi. Maji yametanda, stesheni inapita, mtoto kivuli amesimama kwenye jukwaa, giza linaingia, na kinachosikika ni piano ya Joe Hisaishi. Hakuna anayesema kitu.

VJ wa kweli angejaza. Angewapa wale vivuli majina, angesema huyu anakwenda Jinja kudai deni lake. Nilisema sentensi mbili, ya tatu ikakataa kutoka. Watoto wakanigeukia. "Mbona umenyamaza?"

"Hawasemi," nikajibu.

Mama wa binti alikuwa anaanua nguo. Alisimama mlangoni na shati la mtoto mkononi, akaitazama treni, akaja akakaa kwenye ukingo wa mkeka. Baada ya muda akasema, bila kumwambia mtu fulani, "Njo vile tulikuya." Ndivyo tulivyokuja. Binti akamlalia ubavuni. Hakuna aliyeongeza neno mpaka treni ilipofika.

Mwaka 2002 Miyazaki alikuwa anazungumza na mhakiki wa Marekani, Roger Ebert, akaulizwa kuhusu vipindi hivi ambavyo watu hukaa tu, wanatazama maji, wanapumua. Akapiga makofi mara tatu au nne. Kilichopo kati ya kofi na kofi, akaeleza, Wajapani wanakiita ma. Nimekuwa nikiisoma habari hiyo kama somo la sanaa. Usiku ule niliiona kama somo la adabu. Mwenyeji anayejua kazi yake hamkalishi mgeni na kumpigia soga tangu maghrib hadi alfajiri. Kuna wakati anamwekea maji, anampa kiti, na kumwacha na yake.

Karibu na mwisho Chihiro anapaa juu ya mgongo wa Haku, ambaye sasa ni joka, na anakumbuka kitu. Alipokuwa mdogo aliwahi kuanguka mtoni, na mto ukambeba hadi kwenye kina kifupi, hakufa. Mto huo uliitwa Kohaku. Mama yake alimwambia baadaye kwamba umezibwa na juu yake yamejengwa maghorofa. Anamnong'oneza joka jina hilo, na magamba yote yanabanduka na kupeperuka hewani kama vile herufi zilivyobanduka kwenye mkataba. Haku ndiye ule mto. Kwa Yubaba alikwama kwa sababu hakuwa na pa kurudi, na jina alilisahau kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kumwita kwalo.

Wengi hulia hapa. Mimi hunikaa koo swali moja: sasa anakwenda wapi? Kulitaja jina hakukuvunja ghorofa hata moja. Maji ya Kohaku hayakurudi. Miyazaki ana huruma, lakini hadanganyi watoto. Kilichokatika ni mnyororo wa Yubaba tu, na huenda mtu asiyejua jina la kitu asiweze hata kuanza kukidai. Chaneli hufunikwa, hupanuliwa, hutengewa bajeti. Hakuna anayejiuliza inaumwa wapi.

Wiki iliyofuata nilimsindikiza mama na binti kwenye shughuli ya karatasi zao. Tulipanda taksi, yaani matatu kwa lugha ya Nairobi, tukakwama juu ya Nakivubo kwenye foleni ya mchana. Mvua ya usiku ilikuwa imepita, maji ya rangi ya chai yanakwenda kasi, na kwenye nguzo moja kaveera nyingi zimejifunga kama vilemba. Harufu ikaingia. Abiria wakafanya kile ambacho abiria wa hapo hufanya: madirisha yakasukumwa kufungwa, leso zikatoka, kondakta akavuta shati lake hadi puani. Binti naye alikuwa ameziba pua kwa vidole viwili. Kisha nikamwona anaushusha mkono, taratibu, na kuuweka mapajani.

Nikamuuliza kulikoni.

"Ni mugeni, Tonton," akasema. "Hatumuonyeshe."

Mbele yetu alikaa mzee aliyevaa kanzu na koti juu yake, kama wavaavyo wazee wa Buganda wakienda harusini. Alikuwa amesikia Kiswahili chetu. Aligeuka nusu, akamtazama mtoto kwa upole, akamjibu kwa Kiganda: "Oyo ssi mugenyi. Twamusanga wano."

Binti akanitazama nimfasirie, ingawa nadhani alikuwa ameelewa.

"Anasema huyo si mgeni," nikamwambia. "Tulimkuta hapa."

Foleni ikasogea kidogo, ikasimama tena. Hapo ndipo nilipogundua kwamba leso yangu ilikuwa bado puani. Nikaikunja, nikairudisha mfukoni.